Albamu ya kufuatia: panki baada ya kutoka

Albamu ya kufuatia ni ile inayokuja mara tu baada ya albamu iliyoitoa bendi, yaani iliyoipa umaarufu. Si lazima iwe ya pili kwa hesabu. Green Day, watatu wa panki (roki ya kasi na hasira) kutoka East Bay, California, walikuwa na albamu mbili kwenye kampuni ndogo ya Lookout kabla Dookie haijatoka Februari 1, 1994 chini ya kampuni kubwa ya Reprise. Dookie ni ya tatu, na ndiyo iliyowatoa. Insomniac ya Oktoba 10, 1995 ni ya nne, na ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Wiki ya kwanza ya mauzo huipima zaidi albamu iliyotangulia. Mtu anayepanga foleni dukani siku ya kwanza amesikia wimbo mmoja tu redioni, kwa hiyo ananunua kwa imani aliyoipata zamani. Dookie ilianza chini, ikasukumwa na Longview, Basket Case na When I Come Around, ikapanda taratibu hadi namba 2 Marekani. Insomniac iliingia namba 2 wiki yake ya kwanza, kisha ikaanza kuteremka. Zote mbili zilifika kilele kilekile, lakini Dookie ilivuka nakala milioni 10 Marekani pekee, na Insomniac ikapewa cheti cha platinamu mbili, yaani nakala milioni 2.

Platinamu yenyewe ina mtego. Enzi za CD ilihesabiwa kwa nakala zilizopelekwa madukani, na maduka huagiza kwa kuangalia albamu iliyopita iliuzaje. Zisizouzwa hurudishwa. Ndiyo maana kampuni huzuia sehemu ya mrabaha kwa muda kama akiba ya marejesho, na akiba hiyo huuma zaidi kwenye albamu ya kufuatia, kwa kuwa ndiyo iliyoagizwa kwa wingi kabla mtu hajaisikia.

Kuna pia suala la muda. Nyimbo za albamu inayoitoa bendi hukusanywa kwa miaka. Welcome to Paradise, kwa mfano, ilikuwa tayari kwenye Kerplunk, albamu yao ya pili, ikarekodiwa upya kwa ajili ya Dookie. Albamu ya kufuatia huandikwa katikati ya ziara, na kati ya Dookie na Insomniac ilipita miezi ishirini tu. Ukitoa mapema, vibao vya zamani bado vinapigwa redioni na vinashindana na vipya. Ukichelewa, mashabiki wamekwishahamia kwingine. The Offspring, bendi nyingine ya panki ya California, walisubiri karibu miaka mitatu baada ya Smash, albamu iliyowatoa Aprili 1994, wakahama pia kutoka kampuni ndogo ya Epitaph kwenda kampuni kubwa ya Columbia, na Ixnay on the Hombre ya Februari 1997 haikukaribia mauzo ya Smash.

Wengi hudhani ukali wa Insomniac uliletwa na mtayarishaji mpya. Rob Cavallo aliyetayarisha Dookie ndiye aliyerudi, safari hii kwenye Hyde Street Studios, San Francisco. Kilichobadilika ni hasira na kasi: nyimbo 14 ndani ya takriban dakika 33, magitaa mazito, viitikio vichache vya kuimba na umati. Hata video ya Geek Stink Breath, wimbo wa kwanza kutolewa, inaonyesha jino liking'olewa. Kampuni inayotaka Dookie nyingine isingechagua mlango huo.

Kwenye Insomniac, Brain Stew ndiyo pekee inayotembea polepole. Ni kodi (chords) tano za gitaa zinazoshuka: A, G, F shapu, F, E, basi. Kwa sababu ni rahisi hivyo, wanaojifunza gitaa huiharibu kwa kuacha nyuzi zivume. Uzito wa wimbo uko kwenye kimya: piga, kisha zima nyuzi mara moja kwa kulegeza vidole vya mkono wa kushoto na kuweka kiganja cha kulia juu yake. Maneno yake ni ya kukosa usingizi, na Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa wa Green Day, wakati ule alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Bendi ya pop baada ya kutoka huulizwa swali moja tu: itauza? Bendi ya panki ina mahakama mbili, ya soko na ya nyumbani. Klabu ya 924 Gilman Street, Berkeley, iliyofunguliwa mwisho wa 1986, haikuruhusu bendi za kampuni kubwa kupiga. Green Day walilelewa jukwaani hapo, na waliposaini Reprise mlango ukafungwa. Wimbo uitwao 86, ulio kwenye Insomniac, unahusu kukataliwa huko. Jalada la albamu nalo walimpa Winston Smith, msanii wa picha za kubandika aliyewachorea bendi ya panki ya Dead Kennedys. Mtu wa mtaani angeona picha ya vurugu tu, lakini mtu wa panki alijua anaongeleshwa yeye.

Kifedha, nyimbo nyingi fupi hazilipi kama inavyodhaniwa. Mwaka 1995 kiwango cha kisheria Marekani kwa mtunzi kilikuwa senti 6.6 kwa wimbo kwa kila nakala. Nyimbo 14 zingeleta senti 92.4. Lakini mikataba mingi ya wakati ule ililipa robo tatu ya kiwango, tena kwa nyimbo zisizozidi 10, hivyo mtunzi hubaki na senti 49.5. Wakati wa kujadili upya vipengele hivyo ni baada ya kutoka na kabla ya kukabidhi albamu ya kufuatia. Ukishaikabidhi, umetoa silaha mkononi.

Nirvana, wenye mizizi ya panki pia, walikwenda mbali zaidi baada ya Nevermind, albamu iliyowatoa. Kwa In Utero, albamu yao ya kufuatia, walimchukua fundi wa kurekodi Steve Albini, aliyekubali malipo ya mkupuo ya dola 100,000 na kukataa asilimia ya mauzo, wakarekodi Minnesota Februari 1993 kwa takriban wiki mbili. Baadaye waliona sauti ya mwimbaji na besi hazisikiki vizuri, na mtayarishaji Scott Litt akazichanganya upya nyimbo za Heart-Shaped Box na All Apologies. Bado ilianza namba 1, na namba hiyo tena ilikuwa deni la Nevermind.

Green Day walichoka, wakafuta ziara ya Ulaya mwaka 1996. Nimrod ya Oktoba 1997 iliingia chati kwa kilele cha namba 10 tu, nafasi iliyotokana na Insomniac, lakini nayo ikafika platinamu mbili. Iliyoibeba ni Good Riddance, wimbo wa gitaa kavu (lisilo la umeme) ulioandikwa kabla hata ya Dookie kutoka. Wakati wa Insomniac wimbo huo ulikuwepo, na toleo lake moja lilifichwa kama wimbo wa ziada kwenye singo (wimbo unaouzwa peke yake) ya Brain Stew. Kwenye Nimrod ni wa 17 kati ya nyimbo 18.