Ati umefaulu kwa mteja wa AI, sasa usimamizi wa nini tena?

Hii sentensi nimeichoka. (Mteja wa AI ni programu inayoigiza mteja ili ujizoeze kushauri.) Mwanafunzi wa ushauri nasaha anakuja kikao cha kwanza cha usimamizi, yaani pale mshauri mzoefu anapopitia nae kazi yake na wateja, namuuliza umeleta nini, anasema "nimeshamaliza simulesheni, nimepata 90, nadhani niko tayari." Afu ananyamaza, ananiangalia kama anasubiri cheti.

Dhana ni kwamba ukifaulu kwa mteja wa AI umeshajiandaa kwa usimamizi. Hujajiandaa, umefanya mazoezi tu, na hizo maksi ndo kitu cha mwisho ninachotaka kuona.

Kwanza maksi zenyewe zinatoka wapi? Programu nyingi zinahesabu vinavyohesabika, yaani umeuliza maswali ya wazi mangapi, mara ngapi umemrudishia mteja alichosema kwa maneno yako, nani ameongea zaidi. Sio vibaya, hata watu wa mahojiano ya kuhamasisha (mbinu ya kumsaidia mteja apate mwenyewe sababu za kubadilika) wanahesabu, kipimo chao kinachotumika sana kinataka angalau umrudishie mteja alichosema mara 1 kwa kila swali, na ukiwa mzuri mara 2. Lakini unaweza kumrudishia mtu maneno yake kwa ufasaha wote wakati alichotaka ni ukae kimya, na kompyuta ikakupa pointi.

Halafu huyo mteja. Modeli za lugha, yaani AI inayomuendesha, zimenolewa kwa watu kuchagua majibu yaliyowapendeza, ndo maana zina tabia ya kukubaliana na wewe. Usipoipa maelekezo makali iwe ngumu, mteja wa AI anafunguka sentensi ya tatu, anazitaja hisia zake kwa majina kamili kama amemeza kitabu cha saikolojia, na ukimpa ushauri mbovu anakushukuru. Mteja halisi anachelewa, anakujibu "sawa tu", jambo zito analitoa ameshashika kitasa cha mlango, wiki inayofuata haji na hutajua kwanini. Na kwenye kuandikiana hamna sura wala mguu unaotetemeka. Kubwa zaidi, wewe mwenyewe hukuogopa, na sehemu kubwa ya usimamizi ni hicho kinachokutokea wewe ndani ukiwa umekaa na mtu.

Sasa mbona bado nawapangia wanafunzi hizi simulesheni? Kwa sababu mnaficha. Utafiti wa Ladany na wenzake wa 1996 ulikuta karibu wanafunzi wote wa tiba ya saikolojia walioulizwa kuna kitu hawakuwaambia wasimamizi wao, yakiwemo makosa ya kikazi na hata walivyokuwa wanamuona msimamizi mwenyewe. Mteja wa AI haumii, hivo kazi mbovu unaweza kuiweka mezani bila kujitetea, na kujizoeza hilo kabla hujapewa mtu ndo faida yenyewe.

Kwahiyo usiniletee ripoti (wanafunzi wangu huu wimbo wanaujua). Chukua yale mazungumzo, kata kipande kifupi pale ulipopotea, weka alama kwenye sentensi unayoijutia, andika pembeni ulichohisi na ulichotaka kusema ukaacha, afu njoo na swali moja. "Nimefanyaje?" sio swali. "Kwanini nilibadilisha mada alipomtaja baba yake?" hilo swali, hapo tunafanya kazi saa nzima. Carl Rogers alirekodi vikao na 1942 akachapisha vikao 8 vya mteja mmoja neno kwa neno, ili kazi ionekane ilivyokuwa na sio mshauri anavyoikumbuka. We programu inakuandikia kila kitu bure afu unaniletea namba!

Dhana zilizobaki, haraka haraka.

"AI itachukua nafasi ya msimamizi." Msimamizi anawajibika kwa wateja wako na ndiye anayesaini masaa yako ya mafunzo. Programu haitaitwa na bodi ya taaluma kujieleza.

"Hizi ni fasheni za juzi." Howard Barrows alianza kutumia watu wanaoigiza wagonjwa 1963, na 1972 Kenneth Colby wa Stanford alikuwa na PARRY, programu iliyoigiza mtu mwenye paranoia, yaani anayeshuku kupita kiasi kwamba watu wanataka kumdhuru. Kilichoongezeka ni ufasaha.

"Nikiuliza kuhusu kujiua ntampandikizia wazo." Hapana, kuuliza wazi hakupandikizi. Hapa simulesheni inasaidia kweli, litamke swali kwa sauti mpaka uache kumung'unya. Ila ukiwa na mtu halisi aliye hatarini unampigia msimamizi, muda huohuo, huulizi chatboti.

"Nikibadilisha jina naweza kumuingiza mteja wangu wa kweli nikafanya nae mazoezi." HAPANA jamani. Umri, kazi, ndoa na lile tukio lililomleta vinamtambulisha vizuri tu bila jina. Tunga mtu. Na kama kuna mteja anakukaa kichwani mpaka unataka kumrudia usiku kwenye kompyuta, huyo ndo wa kumleta kwenye usimamizi, tena awe wa kwanza.