Maana ya Bendera ya Plau na Nyota

Plau na Nyota ni bendera ya Jeshi la Raia wa Ireland, kikosi cha wafanyakazi kilichoundwa jijini Dublin mwezi Novemba 1913. Wakati huo waajiri, wakiongozwa na tajiri William Martin Murphy, walikuwa wamewafungia kazi maelfu ya watu waliokataa kujitoa katika chama chao cha wafanyakazi, na polisi walikuwa wakiwatawanya mikutanoni kwa virungu. James Larkin, James Connolly na Jack White, aliyewahi kuwa kapteni katika jeshi la Uingereza, waliunda kikosi hicho ili wafanyakazi wapate ulinzi. Bendera yake ilitokea mwaka 1914.

Juu ya kitambaa cha kijani, rangi ya wazalendo wa Ireland tangu zamani, iliwekwa plau ya rangi ya dhahabu, na ndani ya umbo lake zikapangwa nyota saba za kundi la Dubu Mkubwa, ambazo watu wa nchi hiyo huziita pia Plau. Connolly anakumbukwa kwa kueleza kwamba Ireland huru itamiliki hatima yake yote, kuanzia plau hadi nyota. Yaani mwenye kulima ana haki ya kudai mengi zaidi ya mkate wake. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba ulimi wa plau, ule unaopasua ardhi, ni upanga. Msomaji wa Biblia atakumbuka unabii wa Isaya kuhusu panga zitakazofuliwa ziwe majembe, ila hapa upanga haujapoteza umbo lake, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mchoro huu: kazi na mapambano vimeunganishwa katika chombo kimoja.

Katika Maasi ya Pasaka ya Aprili 1916, yaliyolenga kuuondoa utawala wa Uingereza nchini Ireland, bendera nyingine zilipepea juu ya Posta Kuu, makao ya waasi. Plau na Nyota ilipandishwa ng'ambo ya barabara, juu ya Imperial Hotel, mali ya Murphy yuleyule, na kila mfanyakazi wa Dublin aliyeinua macho alielewa ujumbe huo bila kuelezwa. Maasi yaliposhindwa, Waingereza walimuua Connolly kwa kumpiga risasi tarehe 12 Mei. Bendera ilinusurika, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Ireland.

Toleo linaloonekana zaidi siku hizi, la nyota nyeupe juu ya buluu, lilianza miaka ya 1930. Halina plau iliyochorwa, wala upanga.