Fujo za mpira na shabiki mwaminifu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Fujo za mashabiki zikijadiliwa, mfano unaotajwa haraka ni Uingereza ya miaka ya 1980. Huko ndiko zilikotoka imani nyingi zinazorudiwa hadi leo vijiweni na redioni, na sehemu kubwa ya imani hizo si sahihi. Zinazotuhusu hapa ni zile zinazomgusa shabiki wa kawaida: anayelipa kiingilio, anayevaa jezi, anayerudi nyumbani sauti imekauka, na ambaye hajawahi kumrushia mtu hata chupa ya maji.

"Wanaopigana ndio wenye mapenzi ya kweli na timu"

Wapiganaji wenyewe walikuwa wakificha rangi za timu. Kundi maarufu lililojinasibisha na West Ham, Inter City Firm, lilipata jina lake kutokana na treni za kawaida za InterCity. Lilipanda hizo ili kuzikwepa treni maalumu za mashabiki, zilizokuwa zikisindikizwa na polisi. Walivaa nguo za bei ghali zisizo na nembo ya klabu, bila skafu wala kofia. Wakishamshambulia mtu, walimwachia kadi iliyochapwa, ikimpongeza kwa kukutana nao.

Polisi waliofundishwa kutafuta skafu wakawapata wenye skafu. Aliyetembezwa barabarani katikati ya farasi, akapekuliwa, akazuiwa jukwaani muda mrefu baada ya filimbi ya mwisho, mara nyingi alikuwa baba aliyevaa rangi za timu yake bila kuficha kitu. Ukimwita mpiganaji "shabiki sugu" unampa heshima aliyoipata mtu mwingine kwa jasho lake.

"Fujo zikizidi, watu huacha kuipenda timu"

Hapa watu huchanganya mambo mawili: kuipenda timu na kwenda uwanjani. Fujo humpunguza mtu kidogo kidogo, na kwa mpangilio unaoeleweka. Kwanza anaacha kumpeleka mtoto. Kisha anaacha safari za ugenini, halafu mechi za usiku. Tiketi ya msimu huwa ya mwisho kuachwa. Redio, gazeti na mabishano ya Jumatatu kazini haviachwi kabisa. Klabu inayohesabu vichwa langoni pekee haiwezi kuona hatua tatu za mwanzo, na ikija kushtuka, tayari kuna kizazi cha watoto kilichokua bila kuzoea uwanja.

Takwimu za Ligi ya Uingereza hutumiwa vibaya sana katika hoja hii. Msimu wa 1948/49 waliingia viwanjani watu zaidi ya milioni 41. Msimu wa 1985/86 walikuwa takriban milioni 16.5. Ni kweli kwamba msimu huo wa chini kabisa ulifuata Mei 1985, mwezi wa maafa ya Bradford na Heysel, yanayoelezwa hapa chini. Lakini idadi ilianza kushuka mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla magenge ya viwanjani hayajawa habari ya kila wiki. Televisheni iliingia majumbani, magari yakawapa watu mahali pengine pa kwenda Jumamosi, viwanda vikafungwa, na viwanja vyenyewe vikaachwa vichakae, vyoo vikiwa vya aibu. Fujo ziliongeza mzigo juu ya mizigo mingine.

Jambo lisilosemwa ni kwamba idadi ilianza kupanda tena msimu wa 1986/87. Wakati huo klabu za Uingereza zilikuwa zimefungiwa Ulaya, Ligi Kuu ilikuwa haijaanzishwa (ilianza 1992) na viwanja vipya havijajengwa. Watu walirudi kwenye zege lile lile na vyoo vile vile, kwa sababu mapenzi hayakuwa yamekwenda popote.

Na wengine walijipanga. Baada ya maafa ya Heysel, mashabiki wa Liverpool walianzisha mwaka huo huo wa 1985 chama cha mashabiki wa klabu zote, Football Supporters' Association. Kilipinga mpango wa serikali ya Margaret Thatcher wa kumlazimisha kila mwenda uwanjani kuwa na kitambulisho. Mpango uliingizwa kwenye sheria ya 1989, kisha ukaachwa baada ya ripoti ya mwisho ya Januari 1990 ya Jaji Taylor, aliyechunguza maafa ya Hillsborough.

"Klabu ikifungiwa, wahuni ndio wanaoadhibiwa"

Tarehe 29 Mei 1985, kwenye fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Liverpool na Juventus ya Italia, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, baadhi ya mashabiki wa Liverpool walivamia eneo la jirani lililoitwa Z. Eneo hilo lilikusudiwa kuwa la watazamaji wasio na upande, lakini tiketi zake nyingi ziliishia kwa Waitaliano, zikiwemo familia. Kilichowatenganisha kilikuwa wavu mwepesi na askari wachache. Watu walikimbilia ukuta wa pembeni, wakabanwa, ukuta ukaanguka. Walikufa 39, na 32 kati yao walikuwa Waitaliano.

Klabu za Uingereza zilifungiwa miaka 5, Liverpool 6. Sasa tazama bili ilimfikia nani. Everton walikuwa wametwaa Kombe la Washindi mjini Rotterdam wiki mbili tu kabla, na walikuwa mabingwa wa Uingereza. Kombe la Ulaya hawakulicheza. Norwich, washindi wa Kombe la Ligi 1985, walikuwa waingie Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yao. Walisubiri hadi 1993. Oxford walishinda kombe hilo hilo 1986 na hawajawahi kucheza Ulaya mpaka leo. Wengi waliokosa safari hizo hawakuwa wamekanyaga Brussels.

Adhabu ya jumla ina nafasi yake pale klabu inapokataa kushirikiana na polisi au inapowafadhili wahuni. Nje ya hapo, inamwondolea shabiki mwaminifu kile alichokisubiri miaka mingi, na mhuni anabaki na umaarufu alioutaka.

"Fensi za chuma humlinda shabiki mtulivu"

Hii ndiyo dhana iliyoua, na inastahili kuelezwa kwa urefu.

Tarehe 11 Mei 1985, siku 18 kabla ya Heysel, jukwaa la mbao la Bradford City liliungua. Takataka zilizorundikana chini ya sakafu zilishika moto, na ndani ya dakika chache jukwaa zima lilikuwa linawaka. Walikufa watu 56, wengi wao wakiwa wamekimbilia milango ya nyuma walikoingilia, wakaikuta imefungwa. Maelfu waliopona walipanda ukuta mfupi wa mbele wakaingia uwanjani. Mbele ya jukwaa lile hapakuwa na fensi.

Hillsborough, mjini Sheffield, fensi ilikuwepo, na jukwaa lilikuwa limegawanywa vizimba. Tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki 10,100 wa Liverpool wenye tiketi za kusimama walitakiwa kupita kwenye mageti 7 ya kuzunguka. Hesabu haikubali: msongamano nje ulikuwa wa lazima. Saa 8:52 mchana polisi walifungua lango C kupunguza shinikizo, lakini hawakuziba njia ya chini iliyoelekea vizimba vya katikati, vilivyokwishajaa. Watu wakaingia humo, huku vizimba vya pembeni vikiwa na nafasi. Mechi ilisimamishwa dakika 6 baada ya kuanza. Waliokufa, pamoja na waliofariki baadaye kwa majeraha ya siku ile, ni 97.

Wengi hawakukanyagwa. Kifua kikibanwa pande zote, mapafu hayana pa kutanukia, na mtu hukosa hewa akiwa amesimama. Fensi ya mbele, iliyojengwa kwa sababu ya wahuni, ndiyo iliyozuia njia pekee iliyobaki.

Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba mashabiki walevi ndio chanzo. Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia. Uaminifu wa watu wa Liverpool kwa klabu yao haukutetereka muda wote huo. Skafu zilifungwa moja kwa nyingine kutoka uwanja wa Everton hadi Anfield, kupitia Stanley Park, na wapinzani wa jadi wakashika mnyororo mmoja. Kilichopotea ni imani yao kwa polisi na kwa gazeti la The Sun, lililoyachapisha madai hayo, na ambalo wengi mjini humo hawalinunui hadi sasa.

"Mabomu ya machozi hutuliza jukwaa"

Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi hiyo uwanjani, na sababu zake ziko wazi. Lima, 24 Mei 1964: gesi ilirushwa, watu wakashuka ngazi na kukuta milango ya chuma imefungwa chini. Walikufa zaidi ya 300. Accra, 9 Mei 2001, Hearts of Oak dhidi ya Asante Kotoko: wachache walirusha viti, polisi wakajibu kwa gesi, na watu 126 wakapoteza maisha. Kinshasa, 11 Mei 2014, AS Vita Club ilipokuwa nyumbani dhidi ya TP Mazembe ya Lubumbashi: vitu vilirushwa, gesi ikafuata, watu 15 wakafa.

Gesi haichagui. Humfumba macho aliyerusha kiti na aliyeketi na mwanawe, na wote hukimbilia mlango walioingilia. Mwongozo wa Uingereza unataka jukwaa litoe watu wake wote kwa dakika zisizozidi 8, na usiruhusu zaidi ya watu 47 kwa kila mita za mraba 10 za kusimama. Mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli hubatilisha hesabu zote hizo.

Kwa hiyo ukiingia uwanjani, tafuta milango miwili, sio mmoja. Ukibanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili upate nafasi ya kuvuta pumzi. Usisukume kurudi nyuma. Umati husogea kama mawimbi. Wimbi likitulia, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Kiatu kikivuka mguu kiache, usiiname. Mtoto abebwe juu. Na gesi ikipigwa wakati mlango umeziba, kupanda juu kwenye upepo ni salama kuliko kushuka ngazi.

"Zuia wageni, fujo zitaisha"

Luton walijaribu. Baada ya mashabiki wa Millwall kuharibu uwanja wao Machi 1985, walizuia mashabiki wa ugenini kuanzia 1986 hadi 1990. Mtaa ulitulia. Lakini klabu ilitolewa kwenye Kombe la Ligi la 1986/87 kwa kukataa wageni, na ladha ya mechi ikapungua kwa wote. Argentina nayo ilizuia wageni kuanzia 2013. Magenge yakaendelea kupigana ndani ya klabu moja, yakigombea mapato ya maegesho na tiketi.

"Kwetu ni utani tu"

Utani wa jadi ni jambo jema, na unastahili kulindwa. Lakini 1 Oktoba 2016, Simba na Yanga zilipotoka 1-1, viti vya Uwanja wa Taifa (sasa Benjamin Mkapa) viling'olewa na kurushwa baada ya bao la Amissi Tambwe, ambalo Simba walilalamikia kwamba aliunawa mpira. Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja huo kwa muda, mechi zikahamia Uhuru, wenye nafasi chache zaidi. Aliyekosa nafasi akabaki kibanda umiza, ingawa hakung'oa kiti.

Faini ambazo klabu hutozwa kwa makosa ya mashabiki hutoka mfuko ule ule unaojazwa na viingilio. Njia inayomfikia mkosaji mwenyewe ipo. Uingereza na Wales mahakama humzuia mtu mmoja kwa jina lake, kati ya miaka 3 na 10, na timu ya taifa inapocheza nje hulazimika kusalimisha pasi yake ya kusafiria. Ili hilo liwezekane vinahitajika vitu vitatu: tiketi yenye namba ya kiti, kamera inayoona uso na si jukwaa tu, na msimamizi wa jukwaa anayewajua watu wake. Hicho cha tatu ndicho cha bei rahisi, na matawi ya Simba na Yanga yana watu hao tayari: viongozi wanaomjua kila mwanachama kwa jina na mtaa anaoishi. Wapewe mafunzo, fulana za kuwatambulisha na namba ya kumpata kamanda wa uwanja moja kwa moja, kabla kiti cha kwanza hakijang'oka.