Hoja ya "nimezaliwa hivi": maana yake nini, na kwanini wengine kwenye harakati za mashoga hawaitaki

Ukikaa kwenye mabishano yoyote kuhusu haki za mashoga, dakika tano haziishi kabla mtu hajasema "jamani hawa wamezaliwa hivyo", na mwingine anamrukia hapohapo "nani kasema, nionyeshe hiyo jeni". Basi kuanzia hapo ishu ya haki imeshasahaulika, watu wanabishana biolojia, na mara nyingi hakuna hata mmoja wao aliyeisoma.

Hoja yenyewe ni hivi. Mtu hakuchagua atampenda nani na hawezi kujibadilisha hata akitaka, kwahiyo kumwadhibu kwa hilo ni dhuluma, ni sawa na kumfunga mtu kwa rangi yake au urefu wake. Iangalie vizuri utaona ina vipande viwili vimegundishwa pamoja. Kimoja ni dai la ukweli, kwamba hakuchagua. Kingine ni dai la haki, kwamba mtu asiadhibiwe kwa kitu ambacho hakukichagua. Watu wanagombana usiku kucha juu ya kile cha kwanza, wakati kinachobeba mzigo ni hiki cha pili, na hiki karibu hakuna anayekigusa.

Na sio hoja ya juzi, wala haikuanzia Marekani kama wengi wanavyodhani. Kuna mwanasheria wa Kijerumani anaitwa Karl Heinrich Ulrichs, yeye alianza kuiandika kwenye vijitabu mwaka 1864, akisema watu kama yeye wana roho ya kike ndani ya mwili wa kiume tangu kuzaliwa. Tarehe 29 Agosti 1867 akasimama Munich mbele ya mkutano wa wanasheria wenzake kuomba hizo sheria za adhabu zifutwe. Hebu fikiria, mtu mmoja, ukumbi umejaa wasomi, mwaka huo! Hakumaliza. Kelele zilikuwa nyingi mpaka ikabidi ashuke jukwaani. Miaka 30 baadae, 1897, daktari Magnus Hirschfeld na wenzake wakaanzisha kamati kule Berlin ikawa inakusanya saini za kufuta kifungu cha 175, kile kilichofanya mapenzi ya wanaume kwa wanaume kuwa kosa, na msemo wao ulikuwa kwamba haki itafikiwa kupitia sayansi. Waliamini kabisa, kwamba watu wakishaelimishwa kwamba haya ni maumbile basi chuki itakosa pa kusimama.

Mimi hapa ndo pananiuma kila nikisoma, maana tunajua kilichofuata. Wanazi walishika madaraka 1933, mwezi Mei wakaivamia taasisi ya Hirschfeld na vitabu vyake vikachomwa moto hadharani, baadae wanaume mashoga wakapelekwa kambini wakishonewa pembetatu ya pinki kwenye nguo. Na utawala huohuo uliwaua maelfu na maelfu ya walemavu, watu ambao hakuna aliyebisha kwamba wengi wao wamezaliwa na hali yao. Kwahiyo kuzaliwa na kitu hakumlindi mtu. Mwenye chuki ukimwambia "amezaliwa hivyo" anaweza kukujibu vizuri tu "basi amezaliwa na kasoro", na hapo umempa silaha mwenyewe kwa mkono wako.

Mtu aliyeliona hili mapema sana ni Frank Kameny. Alikuwa mnajimu, namaanisha yule wa sayansi ya nyota, akafukuzwa kazi kwenye kitengo cha ramani cha jeshi la Marekani mwaka 1957 kwasababu ya ushoga, akapigana mpaka Mahakama ya Juu ambayo 1961 ilikataa hata kumsikiliza. Sasa miaka hiyo vikundi vya mashoga vilikuwa vinawaalika madaktari waje kuwaeleza chanzo cha hali yao ni nini na kama inatibika, watu wanakaa wanasikiliza wakijadiliwa kama wagonjwa. Kameny kwenye hotuba moja ya 1964 akasema (nafupisha kwa maneno yangu) sijaona vyama vya kupigania haki za weusi vikihangaika kutafuta ni jeni gani inaleta ngozi nyeusi, wala kujadili kama mtu mweusi anaweza kusuguliwa akawa mweupe. Yaani wao walidai haki zao kama walivyo, na sisi tufanye hivyo hivyo. Kwangu mimi hiyo hotuba ndo jibu bora lililowahi kutolewa kwenye huu mjadala, na limetoka kwa mwanasayansi, mtu ambaye ungedhani ndo angekimbilia maabara.

Lakini harakati hazikumfuata kwenye hilo, angalau sio zote, na sababu kubwa ni mahakama. Mwaka 1973 kwenye kesi ya Frontiero, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa inaangalia ubaguzi wa kijinsia, na jaji Brennan akaeleza kwamba jinsia ni kama rangi, mtu anazaliwa nayo na haibadiliki, ndo maana kumbagua mtu kwa hilo kunatia shaka. Mawakili wa mashoga wakasoma hapo wakaona njia: tukithibitisha na sisi hatubadiliki tutapewa ulinzi uleule. Ndo maana mwaka 1991 mwanasayansi Simon LeVay alipotangaza kwamba ameona tofauti kwenye sehemu ndogo ya ubongo kati ya wanaume mashoga na wasio mashoga, alafu 1993 mwanasayansi mwingine, Dean Hamer, akaja na kipande cha kromosomu ya X (kromosomu ni kama uzi unaobeba jeni) alichosema kinahusiana na ushoga, habari zilipokelewa kwa shangwe kubwa na wengi. Utafiti mkubwa uliotoka 2019 ukiwa umewapima karibu watu nusu milioni ukaonyesha hakuna jeni moja ya ushoga, kuna nyingi na kila moja ina mchango mdogo mno, na huwezi kuzitumia kutabiri mtu atakuwaje. Ambayo haimaanishi mtu anachagua, hata kidogo. Vitu vingi hatuchagui na havina jeni moja.

Ila nenda kamwambie hivyo mwanasiasa. Uganda mwanzoni mwa 2014 Rais Museveni alikuwa na muswada mezani wa kuwaadhibu mashoga, mpaka kifungo cha maisha, akasema anataka wanasayansi wamwambie kwanza kama watu wanazaliwa hivyo. Wanasayansi wakaandika ripoti, ndani yake ikiwemo kwamba hakuna jeni moja inayojulikana kusababisha ushoga. Tarehe 24 Februari akasaini. Uhuru wa watu ulining'inizwa kwenye swali la maabara, na jibu lilipokuja halikunyooka, kamba ikakatwa. (Sheria ile Mahakama ya Katiba iliifuta mwezi Agosti mwaka huohuo, na hata hapo ni kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia.)

Hoja nyingine inayosimama badala yake ni ya uhuru, na yenyewe haihitaji kujua chanzo cha kitu chochote. Chukua dini. Hakuna anayezaliwa na jeni ya dini, watu wanahama dini kila siku, na bado ukimfunga mtu kwa dini yake tunasema ni uonevu na hatumuulizi "ulichagua au ulizaliwa nayo?". Kesi ya Lawrence kule Marekani ilipita njia hiyo. Polisi waliingia kwenye apatimenti Houston mwaka 1998 wakawakamata wanaume wawili, wakapigwa faini, wao wakakataa kunyamaza, na 2003 Mahakama ya Juu kwa majaji 6 kwa 3 ikasema serikali haina biashara ndani ya chumba cha watu wazima waliokubaliana. Majaji hawakuhitaji ushahidi wa ubongo wala wa damu.

Ipo pia hoja ya "sisi ni kama nyie", hii sitaikalia sana. Mwaka 1965 waandamanaji wa Kameny mbele ya Ikulu ya Marekani walilazimishwa kuvaa suti na tai, wanawake gauni au sketi, ili waonekane watu wa kawaida. Kampeni za ndoa za mashoga baada ya 2008 zikaacha kuongelea mafao na zikaanza kuongelea mapenzi na familia, na Ireland 2015 kura za ndio zikafika asilimia 62. Inafanya kazi. Shida yake inamwacha nje yule asiyefanana na jirani yeyote.

Sasa mimi siitupi hoja ya kuzaliwa hivi moja kwa moja. Mama anayelia kwamba amekosea wapi kwenye malezi, au kijana aliyeomba miaka kumi abadilike na hajabadilika, kwao maneno "hukuchagua, na hakuna aliyekosea" ni dawa kabisa, na ni ya kweli kwao. Waambieni. Ninachokataa ni kuibeba hiyo kwenda nayo mahakamani kana kwamba haki inasubiri majibu ya vipimo.

Angalia Kenya, kesi mbili. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vile vinavyotumika dhidi ya mashoga, na kati ya mambo ambayo majaji waliyasema ni kwamba hakuna uthibitisho wa kisayansi usio na shaka kwamba watu hawa wamezaliwa hivyo. Alafu kuna ile ya Eric Gitari, yeye alitaka tu kusajili shirika, akakataliwa, akaenda mahakamani na katiba mkononi akisema kila mtu ana haki ya kujiunga na wenzake. Ikapanda ngazi zote, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu kwa majaji 3 dhidi ya 2 ikampa ushindi. Amezaliwaje, hilo halikuwa swali la kesi.