Filamu Mseto: Dokumentari na Bunilizi katika Maisha ya Mtu Mmoja

Filamu mseto ni filamu inayomsimulia mtu aliyeishi kweli kwa kuunganisha njia mbili ambazo kwa kawaida hutengwa: njia ya dokumentari, inayotegemea ushahidi kama vile barua, shajara, picha na mahojiano, na njia ya bunilizi, inayotegemea waigizaji, mavazi na mazungumzo yaliyotungwa. Kuchanganya peke yake hakutoshi kuipa filamu jina hilo, kwa kuwa hata filamu ya kawaida ya maisha ya mtu mashuhuri huchota huku na huku. Kinachoitofautisha filamu mseto ni kwamba haifichi mshono. Mtazamaji huachwa auone mahali ushahidi unapokoma na ubunifu unapoanza, na mara nyingine huachwa abishane nao.

Filamu ya kawaida ya maisha ya mtu, hasa ile inayotanguliwa na tangazo kwamba imetokana na kisa cha kweli, humtaka mtazamaji asahau kabisa kuwa kuna kamera. Kwa maoni yangu, tangazo hilo hupotosha kuliko ubunifu wenyewe, maana huazima heshima ya ushahidi bila kuonyesha hata karatasi moja. Dokumentari nayo ina upungufu wake: haina la kuonyesha pale ambapo hakuna kilichohifadhiwa, na kwa mtu aliyekua kabla ya sinema kuanza kuonyeshwa hadharani mwaka 1895, pengo hilo ni kubwa mno.

Mwongozaji aliyelishughulikia pengo hilo kwa ujasiri mkubwa ni Peter Watkins wa Uingereza. Mwaka 1964 alitengeneza kwa ajili ya BBC filamu ya Culloden, kuhusu vita vilivyopiganwa Scotland mwaka 1746, ambamo askari wanahojiwa uwanjani kana kwamba waandishi wa habari wa televisheni walikuwapo siku hiyo. Mwaka uliofuata alitengeneza The War Game, inayoonyesha Uingereza ikishambuliwa kwa silaha za nyuklia. BBC ilikataa kuirusha, lakini mwaka 1967 filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oscar ya dokumentari, ilhali maafa yaliyomo hayakuwahi kutokea. Anayedai kwamba mpaka kati ya dokumentari na bunilizi ni mstari ulionyooka ana kazi ya kuieleza tuzo hiyo.

Hata hivyo, mfano uliokomaa zaidi ni filamu yake ya mwaka 1974, Edvard Munch, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa televisheni za taifa za Norwei na Uswidi, na ambayo katika umbo lake la televisheni inazidi saa tatu. Inamhusu mchoraji wa Norwei aliyezaliwa mwaka 1863, na inakaa zaidi katika ujana wake, kuanzia mwaka 1884 katika mji wa Kristiania, ambao leo ni Oslo. Msimulizi, ambaye ni Watkins mwenyewe, anazungumza kwa sauti tulivu ya mtoa taarifa: anaeleza kifua kikuu, watoto waliofanya kazi viwandani na ukahaba ulioruhusiwa na mamlaka za mji. Wakati huohuo tunaona watu wenye mavazi ya karne ya 19 wakiketi mezani, wakinyamaza, kisha wakiinua macho na kuitazama kamera moja kwa moja. Mtazamo huo ndio mshono niliousema. Mwigizaji aliyefunzwa kuigiza tamthilia hukatazwa kuitazama kamera. Hapa kamera inatambuliwa kuwa ipo, ingawa Kristiania ya mwaka 1884 haikuwa na kamera ya sinema.

Waigizaji hao walikuwa watu wa kawaida wa Norwei, si wa kulipwa kwa fani hiyo. Wengine waliocheza nafasi ya wahakiki waliomdhihaki Munch walichaguliwa kwa sababu wao wenyewe hawakuzipenda picha zake, hivyo dharau inayosikika vinywani mwao ni ya kubuni kwa mavazi na ya kweli kwa moyo.

Ushahidi wenyewe pia haukuwa safi kama mtu angedhani. Watkins aliegemea sana maandishi binafsi ya Munch, na humo mwanamke aliyeolewa ambaye mchoraji alimpenda ujanani, Milly Thaulow, anafichwa kwa jina la Bi Heiberg. Filamu inalishika jina hilo la kificho na kulitumia. Mwenye shajara alikwisha kuyageuza maisha yake kuwa hadithi kabla mwongozaji yeyote hajafika, na kulirudisha jina halisi kungekuwa kumsahihisha shahidi pekee aliyepo.

Uhariri ndio unaobeba yale yasiyoweza kuthibitishwa. Dada yake Munch, Sophie, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1877, na kati ya mwaka 1885 na 1886 mchoraji alihangaika na picha ya Mtoto Mgonjwa, akipaka rangi na kuikwangua, akipaka tena na kuikwangua tena. Filamu inakaa muda mrefu kwenye kazi hiyo, sauti ya kukwangua ikisikika, huku vipande vifupi vya ugonjwa wa utotoni vikiingia bila taarifa. Hakuna hati inayoweza kusema ni nini kilipita akilini mwa Munch wakati mkono wake ukifanya kazi. Hiyo ni hoja ya mwongozaji, imetolewa kwa mpangilio wa picha, na mtazamaji anaweza kuikataa bila kuzikataa tarehe.

Si kila mwongozaji huziweka njia hizi mbili chungu kimoja. Raoul Peck wa Haiti, aliyeishi Kongo utotoni, alimsimulia Patrice Lumumba mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza dokumentari yenye sauti yake mwenyewe, ikichanganya picha za zamani, mahojiano, kumbukumbu za mama yake na mitaa ya Brussels wakati wa baridi. Mwaka 2000 alirudi kwa kisa hichohicho kwa filamu ya kuigizwa, Eriq Ebouaney akiwa Lumumba. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 na mwili wake ukaharibiwa, na filamu ya pili haikwepi jambo hilo: inaigiza Wabelgiji wakiiteketeza maiti, huku anayesimulia akiwa ni Lumumba mwenyewe, tayari amekufa.