Deni si lako, simu ni yako

Mama mmoja muuza dagaa wa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, alinijia na simu aliyokuwa ameizima kwa siku tatu. Wateja wake wa mikoani huagiza kwa simu, kwa hiyo siku tatu ni hasara kubwa. Tulipoiwasha, meseji kumi na moja ziliingia kwa mfululizo. Zote zilimwita kwa jina la mtu asiyemjua, zikimtaka alipe shilingi 180,000 kabla ya saa kumi jioni, la sivyo picha yake itasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp.

"Mwanangu, niwape tu elfu ishirini wanipumzishe," aliniambia.

Nilimsihi asitoe hata shilingi mia. Kabla ya kuwa msaidizi wa kisheria nilikuwa afisa mikopo, na najua upande wa pili kukoje: ukilipa kidogo, unatoka kwenye orodha ya wasiopatikana na kuingia kwenye orodha ya wanaolipa. Utapigiwa zaidi. Na mkija kubishana, ile elfu ishirini ndiyo itakayowekwa mezani kuonyesha kwamba deni ulilikubali.

Deni linamfikiaje mtu ambaye hakukopa? Mara nyingi ni laini. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huirudisha sokoni, nawe ukiinunua kwa wakala unairithi pamoja na wadai wa mwenyewe wa zamani. Halafu kuna aplikesheni za kausha damu, yaani za mikopo ya haraka yenye masharti ya kuumiza: mkopaji akibonyeza kukubali, majina yote yaliyo kwenye simu yake yanachukuliwa, na akichelewa wanapigiwa shangazi, fundi cherehani na mwalimu wa mtoto. Hao huambiwa kwamba ni wadhamini. Si kweli. Mdhamini ni mtu aliyekubali kudhamini, siyo kila mwenye namba kwenye simu ya mkopaji.

Kuna na majina. Usukumani pacha ni Kulwa na Doto, na afisa anayetafuta mtu kwa jina tu hugonga mlango usiohusika. Mimi mwenyewe niliwahi kugonga kwa Doto asiye wangu kule Igoma, mbele ya wapangaji wenzake. Aibu niliyomwachia yule baba inaniuma mpaka leo.

Na mama wa Mwaloni tulianza kwa kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Angekuta laini asiyoijua, shauri lingekuwa jingine: huenda kuna anayekopa kwa jina lake, na hapo ni kwenda duka la kampuni ya simu na polisi siku hiyo hiyo. Zilikuwa mbili, zote zake. Tukajibu mara moja tu, kwa maandishi: "Siye mnayemtafuta. Sijakopa kwenu wala sijamdhamini mtu. Nitumieni jina la kampuni yenu, namba ya leseni ya Benki Kuu na mkataba wenye sahihi yangu. Ifuteni namba hii kwenye kumbukumbu zenu."

Wakajibu: "Tuma picha ya kitambulisho tuhakiki." Hapa ndipo ninapoomba mtu awe mkali kuliko popote. Usitume namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, wala tarehe ya kuzaliwa, wala picha ya uso. Wanaodai ndio wenye kuthibitisha, na ukiwapa hivyo, deni ambalo halikuwa lako linaweza kupata jina lako kweli.

Meseji hatukufuta hata moja. Tulizipiga skrinishoti zikiwa na namba na saa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Ukiwa Mwanza huhitaji kusafiri, tawi la Benki Kuu lipo hapa hapa mjini. Kutumia na kusambaza taarifa zako kiholela ni malalamiko ya kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Vitisho ni vya polisi.

Akiwa anafunga khanga aondoke, mama aliniuliza: "Na huyo mwenye deni, naye wanamtukana hivi hivi?"

Nikamwambia ndiyo, mama, na kwamba hata mdai halali hana ruhusa ya kusambaza picha ya anayemdai. Akaniomba nimwandikie namba ya ofisi yangu kwenye karatasi mbili.