Jeni imehama, haijarithiwa

"Daktari, hii imetoka kwangu au kwa mama yake?"

Aliyeuliza alikuwa baba mmoja kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwanawe alikuwa na uvimbe wa taya, meno ya upande ule yanacheza. Mama alikaa kando, ameinamisha kichwa. Bila shaka ukoo wake ulikwisha nyooshewa kidole. Nikamjibu: si kwako, mzee, wala si kwake.

Ugonjwa wenyewe ni limfoma ya Burkitt, uliopewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika habari zake mwaka 1958. Ni saratani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Kwenye hadubini zimebanana, buluu tupu, na hapa na pale kuna doa jeupe: makrofeji, seli mlaji ya kinga ya mwili, iliyovimba kwa kula seli zilizokufa. Sisi huita sura hiyo mbingu yenye nyota.

Kiini chake ni jeni ya MYC. Jeni hunakiliwa kuwa RNA, nakala ya muda, kisha ribosomu, viwanda vya protini ndani ya seli, zikaisoma RNA na kuunga protini. Protini ya MYC hurudi kwenye kiini cha seli, ikashika DNA na kuhimiza jeni nyingine nyingi zisomwe, zikiwemo zinazojenga ribosomu zaidi. Yaani inaamuru viwanda viongezwe. Kwa hiyo seli haiiachi ikae: nusu ya protini hiyo huvunjwa katika muda wa kama nusu saa, na RNA yake nayo haidumu. Jeni isiposomwa tena, MYC inaisha.

Katika Burkitt, mara nyingi kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) ya 8 na ya 14 hukatika na kubadilishana vipande. MYC inajikuta jirani na jeni za kingamwili, mahali ambapo seli B husoma mchana na usiku kwa sababu ndiyo kazi yake. Vitabu husema "jeni imeharibika". Mimi silipendi neno hilo. Ni kweli MYC baadaye hupata kasoro ndogondogo, lakini balaa la kwanza ni kuhama.

Mkato unatoka wapi? Seli B zina kimeng'enya, AID, kinachochokoa DNA yao makusudi ili kingamwili ziboreke. Malaria ya mara kwa mara huzidisha kazi hiyo, na mara nyingine mkato huangukia pasipotakiwa. MYC ikizidi, seli nyingi hujiua. Ndizo chakula cha zile nyota. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyoonekana mwaka 1964 kwenye seli za uvimbe kutoka Uganda, husaidia baadhi zisife.

Yote haya hutokea ndani ya seli moja ya mtoto, baada ya kuzaliwa.

"Basi wadogo zake?" baba akauliza.

"Hawakurithi kitu."

Tukamwanzishia saiklofosfamaidi. Seli zinazogawanyika mbio hivyo ndizo dawa hiyo huzikamata upesi. Siku chache baadaye mama alinisimamisha koridoni: taya limenywea, mtoto anadai posho, yaani ugali wa mahindi, je, ampe?

Nikamwambia ampe, ila iwe laini.